Shangazi wa Kongosho Anaweka Pipeti Chini

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, saa nane mchana, Mkuu wa Kitengo chetu cha Tiba ya Jeni atavua koti jeupe alilolivaa kwa miaka thelathini na moja na kulitundika kwenye msumari ulio nyuma ya mlango wa chumba cha seli. Wanaomwita kwa cheo chake ni wachache. Sisi wengine tunamwita Shangazi wa Kongosho, jina alilopewa na madereva wa taasisi, naye akalipenda kiasi cha kulibandika kwenye mlango wa ofisi yake, juu kidogo ya lile rasmi.

Kwa haki, sherehe hii ilipaswa kufanyika mwaka jana. Kamati ilishaundwa, viti vilishaagizwa, na Shemeji, yaani mumewe, alishashona suti. Shangazi akaomba aongezewe mwaka mmoja. Hakutaka cheo wala safari. Alisema kuna fundi seremala mmoja anayeumwa saratani ya kongosho, ambaye atakuwa mtu wa kwanza kuchomwa dawa yetu, na yeye hawezi kwenda nyumbani kumwagilia maua huku hajui kama huyo fundi atapona au atakufa. Mwaka ukaongezwa. Suti ya Shemeji ikarudi kabatini, na kwa habari tulizonazo imeanza kumbana.

Mimi ninayeandika haya ni msaidizi wake. Nimefanya kazi chini yake muda mrefu mno, mpaka nikipiga chafya nyumbani watoto wangu wananiambia nimepiga kama yeye. Nimeombwa niandike kwa heshima. Nitajitahidi, ila nimekuwa nikicheka tangu asubuhi, wahariri wa jarida wanisamehe.

Kwanza, kongosho lenyewe. Tunajua kwamba nusu ya wageni wetu hawajui kiungo hicho kilipo, na nusu nyingine wanajua kwa sababu Shangazi alishawaonyesha kwenye miili yao wenyewe. Hana aibu. Kwenye harusi, kwenye foleni ya benki, ndani ya lifti, atakuwekea vidole viwili juu kidogo ya kitovu na kukwambia, “Hapa, nyuma ya tumbo. Limelala kimya, halisumbui mtu, na ndiyo shida yake.” Mgeni rasmi mmoja, mtu mzito wa serikali, aliwahi kuguswa tumbo namna hiyo mbele ya kamera. Alinuna dakika moja, akauliza maswali nusu saa, na mwaka uliofuata tukaletewa friza mbili mpya.

Alifika hapa akiwa binti aliyetoka kuhitimu, amevaa viatu vya visigino virefu, akapewa chumba kilichokuwa stoo ya mafagio. Humo ndimo alimoanza kufuga seli. Nasema kufuga kwa sababu ndivyo ilivyo: seli za saratani huishi ndani ya chupa bapa, kwenye kabati la joto, na hunyweshwa mchuzi mwekundu wenye sukari na chumvi. Mchuzi ukichakaa hugeuka manjano, na usipobadilishwa seli hufa. Seli hazijui sikukuu. Kwa hiyo kila sikukuu, watu wengine wakiwa wamevaa nguo mpya, Shangazi alikuwa hapa akilisha, na Shemeji alikuwa kwenye benchi la korido na gazeti lake, kwa sababu haruhusiwi kuingia ndani. Amesoma magazeti mengi kwenye benchi lile. Mafundi walipolipaka rangi upya, waliomba ruhusa kwake.

Binti yao wa mwisho, alipokuwa darasa la kwanza, aliambiwa achore familia yake. Alimchora baba, mama, dada, yeye mwenyewe, na chupa nane zenye macho. Mwalimu aliwaita wazazi haraka, akidhani kuna mtu nyumbani anayekunywa. Shangazi alipoiona picha hiyo alisema kuna kosa moja tu: chupa zilikuwa tisa.

Sasa niieleze dawa yenyewe, maana kuna watu wanaokwepa kukaa karibu naye kwenye chai wakidhani anatengeneza magonjwa. Ndani ya kila seli yetu kuna jeni, maelekezo ya kazi. Moja ya hizo huiambia seli iliyoharibika kwamba imefika mwisho, ijiondoe. Katika saratani nyingi za kongosho jeni hiyo imekufa ganzi, basi seli mbovu inabaki na kuzaana. Wazo la Shangazi lilikuwa kuchukua kirusi cha mafua, kuking'oa meno ili kisiweze kumuumiza mtu, kisha kukibebesha jeni nzima na kukituma ndani ya uvimbe. Akiwaeleza wageni, huwa anaigiza. Anakuwa jeni, wewe unakuwa seli uliyekaa sebuleni kwake tangu asubuhi, na anakufukuza kwa upole wa kishangazi: anakusifia, anakuletea viatu vyako, anakufungulia mlango. Wapo waliosimama na kuondoka kweli.

Haya, tufike kwenye keki.

Miaka ya mwanzo, kirusi chetu kilikuwa hakiingii popote. Halafu ghafla kikaanza kuingia. Tulikipa rangi ya kijani inayong'aa ili tukione, na chini ya hadubini kila seli ikang'aa kama soko lenye taa za sikukuu. Miezi minane tuliishi kama wafalme. Mkurugenzi wa wakati huo akaitisha hafla. Keki ikaletwa, kubwa, ina umbo la kongosho, ingawa aliyeipamba alikuwa amechora kitu kinachofanana zaidi na kambare.

Asubuhi ileile Shangazi alikuwa amepokea majibu ya kipimo alichokiagiza mwenyewe, bila mtu kumwambia, cha kuthibitisha seli zetu ni za nani. Zilikuwa za figo. Si kongosho hata kidogo. Ni zile seli za figo tunazozitumia kuzalishia virusi, ambazo hupokea kirusi chochote bila kuuliza. Tone moja lilikuwa limehama kupitia chupa ya mchuzi iliyotumika huku na kule, na kwa kuwa seli za figo hukua upesi, zikawala wenzao na kukalia nyumba. Kwa miezi minane tulikuwa tumetibu figo ambayo haikuwa inaumwa.

Mimi nilikuwa nimeketi pembeni yake. Alipokea kipande chake cha keki, akakila chote, taratibu, akalamba uma. Kisha akasimama na kutuambia. Kila aliyekuwa ameshika uma akaurudisha mezani. Baadaye nilimuuliza amewezaje kula huku anajua. Alinitazama kana kwamba swali ni la kitoto. “Keki ilikuwa nzuri,” alisema. “Na nilijua nikishaongea hakuna atakayekula.” Kweli, hakuna aliyekula. Keki iliyobaki ilikwenda kwa walinzi, na walinzi wanaikumbuka mpaka leo.

Uchunguzi ulipofanywa, ile chupa ya mchuzi ilionekana ilikuwa yake. Hakutafuta mtu wa kumtupia. Tangu siku hiyo kila aina ya seli ina chupa yake, yenye utepe wa rangi yake, na kila mwezi seli zote hupimwa na kuulizwa kitambulisho. Shangazi hufungua kabati la joto na kuzisalimu: “Hodi humu! Leo nyinyi ni akina nani?” Kila mfanyakazi mgeni, kabla hajaonyeshwa choo kilipo, husimuliwa habari ya figo, na msimuliaji ni yeye mwenyewe, kwa madoido yanayoongezeka mwaka hadi mwaka. Sasa hivi keki imeshafika ghorofa tatu.

Tulianza upya, na seli za kweli zikatupa kazi ya kweli. Uvimbe wa kongosho hujizungushia nyama ngumu kama soli ya kiatu, na kirusi kikifika hapo hukwama mlangoni. Tuligonga hapo kwa miaka sita. Walioingia kazini wakiwa wembamba walinenepa, walionenepa walihama. Shangazi alishikilia bango lake: kirusi kibebe jeni mbili, moja ya kulainisha hiyo nyama, nyingine ya kuifukuza seli. Wataalamu wakubwa wa nje ya nchi walimwandikia kwamba mzigo ni mkubwa mno kwa kirusi kimoja. Akapunguza hapa, akakata pale, akafuta maneno yasiyo na kazi ndani ya jeni zenyewe, mpaka mzigo ukaingia. Siku panya wa kwanza wa majaribio walipopona, alitaka kuwapa majina. Tulimkataza, maana tulijua atakuja kudai kuwapeleka nyumbani.

Ndipo akaja Fundi. Ni mtu mrefu, ana masikio yenye vumbi la mbao hata akitoka kuoga, na ana ulimi mkali kuliko patasi. Madaktari wa upasuaji walikuwa wameshamwambia ukweli: uvimbe umekumbatia mshipa mkubwa wa damu, hawawezi kuukata. Akajitolea kuwa wa kwanza. Tulitengeneza kirusi kwa ajili yake, chupa ndogo ndogo zilizokaa ndani ya friza moja, na sote tukawa tunapita karibu na friza hiyo tukinyata kama kuna mtoto amelala.

Siku chache kabla ya sindano, chupa moja ya kipimo cha usafi wa dawa ikawa na ukungu, dalili ya vijidudu. Moja tu. Huenda ni mkono wa mpimaji uliochafua, huenda ni dawa yenyewe. Kipimo kikarudiwa, kikatoka safi. Mkurugenzi alitaka tuendelee. Daktari wa wodini alisema Fundi anapungua kila wiki na hatuna muda wa kuchezea. Mimi pia, nitasema wazi, nilikuwa upande wao. Shangazi alisikiliza wote, akauma meno, akasema piga ua, kitu asichokuwa na uhakika nacho hakiingii ndani ya mtu aliyekuja kwa miguu yake. Akavaa glavu, akamwaga kundi lote la dawa kwenye ndoo ya dawa ya kuulia vijidudu. Kutengeneza jingine kungechukua karibu miezi miwili.

Hakumtuma mtu. Alikwenda mwenyewe karakana kwa Fundi kumweleza. Msije mkadhani Fundi alimshukuru. Alimkasirikia, na alikuwa na haki. “Wewe, Shangazi, hiyo miezi miwili unayo,” alimwambia. “Mimi najuaje kama ninayo?” Shangazi alirudi ofisini akafunga mlango, na hiyo ndiyo siku pekee katika miaka yote ambayo tulisikia kitengo chetu kikiwa kimya bila kuwa na keki mezani.

Alhamisi iliyofuata alikwenda tena. Fundi hakutaka mazungumzo, lakini hakuwa tena na nguvu za kupiga msasa, na kulikuwa na kigoda kinachosubiri. Akamkabidhi msasa. Shangazi, mwenye shahada tatu, akaketi kwenye kipande cha gogo akasugua. “Unasugua au unakibembeleza?” Fundi akamuuliza. Alhamisi nyingine akasugua tena, na nyingine, huku akitukanwa vizuri tu. Mke wa Fundi alituambia baadaye kwamba zile Alhamisi ndizo siku pekee mumewe alizokuwa akila chakula akamaliza, kwa sababu alitaka kupata nguvu za kumkosoa. Kigoda hicho kipo kwenye korido yetu. Kimepindika. Wageni hukaa juu yake mara moja tu.

Kundi la pili lilitoka safi, vipimo vyote, kila chupa angavu. Nani asiyekumbuka siku hiyo? Kutoka kitengo chetu hadi wodini ni kuvuka ua, na Shangazi alilibeba sanduku la barafu kavu kifuani kama bibi harusi aliyebeba maua, huku mlinzi wa getini akitangulia kuwatimua watu njiani kwa filimbi. Daktari akapitisha mpira wenye kamera na ultrasaundi mdomoni mwa Fundi mpaka tumboni, akaona kongosho kwenye skrini, akachoma. Dawa yenyewe ilikuwa kiasi cha kijiko cha chai. Miaka yetu yote ilikuwa ndani ya kijiko hicho.

Jioni Fundi akapata homa. Tulikuwa tumeitarajia, ni dalili kwamba mwili umekiona kirusi, lakini Shangazi alipopigiwa simu alifika wodini mbio, akashika paji la Fundi, akashangilia, “Homa nzuri! Homa safi kabisa!” Mke wa Fundi alimtazama kwa jicho ambalo Shangazi mwenyewe anakiri lilimpunguza kimo. Ilibidi aombe radhi kwa wiki nzima.

Nisiwadanganye kwamba kila kitu kilikwenda hivyo. Baada ya Fundi walichomwa wengine, na wawili kati yao tumewazika. Shangazi alikwenda kote kuwili, akakaa na familia mpaka watu wakaondoka, na hakutaka tuseme kwamba dawa haikuwa na kosa. Alisema tutasema hivyo tukishajua. Iliniuma kumwona akirudi kazini siku zile, na alirudi.

Picha ya kwanza ya Fundi ilionyesha uvimbe uleule, ukubwa uleule. Shangazi alitabasamu mbele za watu. Ya pili ikaonyesha umepungua, kidogo, na madaktari wakabishana kama ni kweli au ni namna alivyolala kwenye mashine. Ya tatu haikuwa na ubishi. Uvimbe ulikuwa umesinyaa na kuachia ule mshipa wa damu, na wapasuaji, watu wasiopenda kubadili kauli, wakasema sasa tunaweza kuukata. Wakaukata. Kilichobaki ikawa ni kusubiri mtaalamu wa kupima nyama atuambie kama kingo zake ni safi, au kama saratani imeachwa ndani.

Majibu yalipoingia, Shangazi alikuwa amesimama katikati ya maabara na Mkurugenzi, ambaye alikuwa amevaa suti kwa ajili ya kikao. Alisoma mstari mmoja: safi, pande zote. Akapiga kelele ambayo ghorofa ya juu walidhani ni king'ora. Akaruka, na katika kuruka akashika kitu cha kwanza kilichokuwa juu yake, nacho kilikuwa mnyororo wa shawa ya dharura, ile ya kumwogeshea mtu aliyemwagikiwa na kemikali. Shawa hiyo ikifunguka haifungiki mpaka aje fundi bomba. Shangazi akalowa, Mkurugenzi akalowa na suti yake, mimi nikaingia chini yake kwa hiari, na kwa muda wa robo saa watu wazima wenye vyeo walicheza ndani ya maji yanayomwagika huku wakilia. Idara ya usalama ilituandikia onyo. Limewekwa kwenye fremu.

Haya ndiyo ya kuandikwa kwenye kumbukumbu rasmi: alianzisha kitengo hiki katika stoo ya mafagio na anakiacha kikiwa na ghorofa nzima, amefundisha wataalamu ambao sasa wanaongoza vitengo vyao wenyewe na bado wanamwogopa, ameacha dawa iliyofika kwa wagonjwa, ambayo bado inapimwa na ambayo sisi tunaobaki tutaipima kwa ukali aliotufundisha. Kuanzia Jumatatu mimi nitakalia kiti chake. Nimeshakijaribu. Kimebonyea upande mmoja na sidhani kama nitakizoea.

Ahsante, Shangazi. Ahsante kwa sikukuu ulizotulishia seli ili sisi tubaki nyumbani. Ahsante, Shemeji, kwa kutuazima mkeo miaka yote hii, na samahani kwa suti. Shangazi, wanao wanakutaka nyumbani, na tumewaambia wasikuruhusu kuweka chupa yoyote kwenye friji. Tunakuombea asubuhi ndefu zisizo na zamu, na chai isiyopoa kwa sababu umeitwa, na mtu yeyote wa kumgusa tumbo pale utakapokuwa umekumbuka kazi.

Neno la mwisho ni la utaratibu, nimeombwa na kamati nilitangaze. Fundi atakuwepo Ijumaa, safu ya mbele, pamoja na mkewe. Ameomba kiti cha karibu na mlango, na ameomba radhi mapema kwamba hatakaa mpaka mwisho wa sherehe. Ana kazi. Kuna mteja anayemsubiri akamfungie milango ya kabati jioni hiyohiyo, na amesema akichelewa tena atanyang'anywa oda.

Kwa hiyo, Shangazi, ukimwona anainuka katikati ya hotuba yako, usikatize. Mwache aende kazini, nawe uende nyumbani.